Ukuta Niliousugua kwa Sabuni

Mwaka binti yetu wa mwisho alipofika darasa la sita, mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote katika mtaa wetu wa Kampemba nilikuwa mimi. Saa nane akirudi kutoka shule, alinikuta nimekwisha kukaa mezani, miwani puani, kalamu imechongwa. Kabla hajavua viatu nilimnyang'anya daftari la hesabu.

"Papa atakuonyesha ya kwanza tu."

Nilimwonyesha ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Yeye alinakili kwa mwandiko wake mzuri. Nilikuwa nimestaafu kazi ya karakana ya reli, na mtu aliyefunga nati za treni miaka thelathini atashindwaje na hesabu za watoto?

Mama yake alipita na sufuria ya bukari, ugali wetu. "Weye njo uko unasoma, ao mutoto?"

Nilimwambia asituvuruge akili.

Kazi yangu nyingine ilikuwa ya Jumamosi: kusugua ukuta wa nyuma, ambao mtu alikuwa akiuchafua kwa makaa. Niliwashuku watoto wa jirani. Niliwatukana juu ya uzio, wao na malezi yao, kisha nikausugua kwa sabuni hadi ukang'aa.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu aliniita.

"Ku masomo anajua, papa. Ku daftari ya kazi ya nyumba njo anaangukaka. Sielewe."

Nilishtuka. Akianguka, atarudia mwaka mzima. Nilirudi nyumbani nimeapa kumsaidia mara mbili zaidi.

Nilikwenda nyuma kuchukua kiti, nikauona ukuta umeandikwa tena. Safari hii nilisoma. Ilikuwa hesabu yetu ya jana: tangi la lita mia sita, bomba linaleta lita arobaini kwa dakika, tundu linapoteza kumi, litajaa kwa dakika ngapi? Bomba lisilokatika maji ni hadithi tupu mtaani kwetu, na labda ndiyo iliyonichanganya, maana nilijumlisha tundu na bomba, nikapata dakika kumi na mbili. Ukutani kumi na mbili yangu ilipigwa mstari mmoja, kwa adabu. Chini yake, kwa mwandiko ule ule mzuri, binti yangu aliondoa kumi kwenye arobaini, akapata dakika ishirini.

Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nafuta mazoezi ya mwanangu, huku nikitukana watoto wa watu.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini aliandika makosa yangu daftarini na anajua jibu. Alimtazama mama yake kwanza.

"Papa, tangu ulitoka ku kazi, ni ile tu njo ilikuwa inakufurahisha."

Nilimpa daftari lake, nikatoka uani, nikalia. Sioni haya kulisema.

Alasiri zilizofuata nilikaa nje, mikono kwapani, nikimsikia anakosea, anafuta, anaanza upya. Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile, hata karakanani. Alifaulu mtihani.

Sasa yuko sekondari. Kila Jumatatu nakuta hesabu moja ukutani, na juu yake ameandika kwa makaa: "Ya papa." Ile ya wiki hii imenishinda siku tatu. Jana nilimwomba mama yake anionyeshe mstari wa kwanza tu.

"Hapana," alisema. "Mutoto alinikataza."