Makopo ya Udongo ya Wavinya

Kwa miaka sita Wavinya Ndululu alitengeneza vifaa vya kupima unyevu wa mashamba ya Kibwezi. Kila mkulima alimletea kopo la udongo wa shamba lake, naye akakirekebisha kifaa mpaka kiuzoee udongo ule. Mwaka huu kampuni ya chipu za kielektroniki kutoka ng'ambo iliinunua karakana yake pamoja na michoro na wafanyakazi wote wanne. Wiki ya pili, meneja mpya akaagiza makopo yatupwe.

"Tumenunua akili yako, si matope," alimwambia kwa upole.

"Akili yangu imo humo."

Meneja akacheka, akidhani anataniwa.

Baadaye mzee Muindi, mkulima wa matikiti, akaleta kifaa kipya alichouziwa na kampuni. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hiki chasema shamba limelowa, na matikiti yananyauka. Nimwamini nani?"

Mkataba ulimkataza Wavinya kugusa kifaa bila idhini ya ng'ambo, la sivyo angefutwa kazi.

"Amini matikiti, mzee. Nenda ukamwagilie. Hiki niachie, na kesho niletee udongo."

Kisha akashika bisibisi, akaanza kukifungua, mlango wa meneja ukiwa wazi.