Siku Mama Alipopigiwa Simu

Mama yangu hasikii tangu utotoni, alipougua homa ya uti wa mgongo. Nyumbani kwetu Gazi tulikua tukizungumza naye kwa mikono, kwa ishara alizozibuni mwenyewe: maji, njaa, samahani, jirani mwenye maneno mengi. Mimi ndiye kifungua mimba, lakini mdogo wangu wa kike alikuwa na mikono myepesi kuliko yangu. Mama alikuwa akiacha kushona makuti ili amtazame akisimulia vituko vya chuo cha Kurani, na alicheka hadi machozi.

Mdogo wangu alipokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, mazungumzo yao yalikatika. Alikuwa akinipigia mimi. Nilimsikiliza, nikampa mama maneno yake kwa mikono, kisha nikajibu kwa niaba ya mama. Mama aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeletewa salamu na mpita njia. Simu ya picha tulijaribu, lakini mtandao wa kwetu ulikuwa dhaifu. Sauti ilipita, picha ikaganda, na kwa mama picha iliyoganda ni kimya kitupu. Mwishowe alinirudishia simu akaingia jikoni.

Kisha wakaja mafundi, wakachimba mtaro kutoka barabara ya lami hadi zahanati. Mama aliamini ni bomba la maji. Alisimama mbele ya fundi mmoja, mtu wa bara, akazungusha vidole kama afunguaye mfereji. Fundi akaniuliza mama anataka nini. Nilipomweleza, alimwonyesha mama waya wa intaneti, akagusa macho yake, kisha simu yake. Mama hakuridhika. Yeye alitaka maji.

Kazi ilipokwisha, kikundi cha kina mama chenye ofisi kando ya zahanati nacho kiliunganishwa, na mwenyekiti wao akaturuhusu kukaa barazani. Ijumaa moja baada ya sala niliegemeza simu ukutani, nikampigia mdogo wangu. Akatokea uso mzima, bila kukwama. Papo hapo mama akaanza kuzungumza, mikono haipumziki.

Mdogo wangu aliinua yake, ikasita hewani. Alianza neno akaliacha. Alitaka kusema amekula, akasema amepotea. Kisha akaniita kwa sauti, "Dada, nimesahau. Mwambie mama nimesahau."

Sikumwambia, kwa kuwa mama alikwisha kuona. Aliweka mikono mapajani. Nilidhani atainuka aende zake kama zamani. Badala yake alisogea karibu na simu, akafanya ishara moja, polepole: maji. Akangoja. Mdogo wangu akairudia huku analia. Njaa. Akairudia, lakini kidole kimoja kilikaa vibaya, na mama akanyoosha mkono kukirekebisha, akagusa kioo.

Tangu hapo Ijumaa zikawa zao. Mikono ya mdogo wangu ilifunguka upesi, halafu ikanipita tena. Alimweleza mama mambo ambayo mimi hakuwahi kuniambia: kwamba mwajiri wake wa kwanza alimnyima mapumziko, kwamba alihama, kwamba sasa anamtunza bibi mmoja mzee mwenye huruma. Mama alimhoji sana. Akataka kuona chumba anacholala, na alipoonyeshwa kitanda, dirisha na kanga iliyotundikwa mlangoni, alishusha pumzi, mabega yakalegea. Sikuwa nimejua kwamba miaka yote ile alikuwa ameyakaza.

Juzi nilimwachia mama simu, nikachelewa kufika barazani. Niliwakuta wameshaanza; mama amejifunza kupiga mwenyewe, anagusa picha ya mwanawe tu. Walikuwa wanacheka, na mama ameshika mbavu. Nikamuuliza kwa mikono wanacheka nini. Alinipungia niketi, akamgeukia mwanawe, wakaendelea.