Nusu ya Calixto Chambi

Calixto Chambi aliwadharau watu wengi, na hakuwa mchoyo wa dharau yake. Aliwadharau wapiga tarumbeta wa mjini wanaokodiwa kwenye harusi, kwa kuwa kazi yao haikuhitaji kitu ila mashavu. Alimdharau padri aliyepanda huku mara moja kwa mwaka, akihema na kulalamika kwamba hewa ya milima yetu ya Wilapata haimtoshi. Aliwadharau watu wa Kijiji cha Chini kwa sababu ni watu wa Kijiji cha Chini, na sisi wa Kijiji cha Juu hatukuwahi kumuuliza sababu nyingine. Lakini dharau iliyokomaa, aliyoitunza kama viazi vikavu vya akiba, alimwekea mtu mmoja tu, Fortunato Yujra. Huyu alikuwa nusu yake.

Filimbi zetu za matete hazipigwi na mtu mmoja. Matete ya wimbo mmoja hugawanywa mafungu mawili. Fungu linaloongoza linaitwa ira, fungu linalofuata linaitwa arka, na sauti zilizomo katika hili hazimo katika lile. Ira ikitoa sauti, arka huijibu, kisha ira tena, na wimbo hupita hivyo kati ya vinywa viwili. Mmoja akipuliza, mwenzake anavuta pumzi. Mwenye ira peke yake hana wimbo. Ana mashimo.

Walipokuwa wavulana, baba yake Calixto alimpa mwanawe ira. Arka akampa Fortunato, mtoto wa jirani, aliyekuwa ameketi juu ya ukuta wa zizi la lama, wanyama wetu wa mizigo, akimenya kiazi.

"Ndivyo nilivyompata," Calixto alipenda kusimulia. "Kama siku ile lama ndiye angekuwa karibu na ukuta, ningepiga na lama. Na lama asingehamia mjini."

Maana Fortunato alihamia La Paz, muda si mrefu baada ya wote wawili kuoa. Habari zikaja kwamba anapiga filimbi katika hoteli ya wageni. Calixto hakuzijali mpaka alipoteremka mjini kuuza manyoya ya kondoo, akapita nje ya dirisha la hoteli hiyo na kumwona kwa macho yake. Fortunato amevaa poncho, joho la sufu lenye rangi ambazo hakuna kijiji kilichowahi kuzifuma. Ira na arka amezifunga pamoja kwa uzi, na anazipuliza zote mbili peke yake, kichwa kikienda kushoto na kulia kama kuku anayedonoa. Wageni walikuwa wakila samaki. Walipomaliza samaki, walipiga makofi.

"Anajiuliza na kujijibu mwenyewe," Calixto alimwambia mkewe, Basilia, aliporudi. "Mtu akifanya hivyo barabarani tunamfunga kamba."

"Ulimsalimia?"

"Nimsalimie nani kati yao wawili?"

Miaka ikapita. Calixto akapiga na shemeji yake, Nicanor, mtu mzito wa akili lakini mwenye pumzi ya uhakika, na akawa kiongozi wa kundi la Kijiji cha Juu. Kiongozi hubeba fimbo yenye pete za fedha. Kila Sikukuu ya Msalaba makundi ya Juu na Chini hukutana uwanjani, pua kwa pua, kila moja likipiga wimbo wake kwa wakati mmoja, mpaka moja lipoteze wimbo. Kiongozi wa kundi lililopoteza hunyang'anywa fimbo mbele ya watu. Calixto alikuwa hajanyang'anywa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na kitu kimoja tu alikitaka, kuiweka fimbo ile chini kwa mkono wake mwenyewe, siku atakayoipenda yeye.

Mwaka huo, juma lile lile la sikukuu, punda alimpiga Nicanor teke la mdomo.

"Punda ana akili," alisema Calixto, akiutazama mdomo wa shemeji yake uliovimba na kupasuka. "Lakini angesubiri Jumatatu, sikukuu ipite."

Kila mwenye arka katika kundi alikuwa na ira wake, na kwetu hakuna anayeazima nusu ya mwenzake. Basilia ndiye aliyesema wazi kile ambacho wengine walikisema chinichini.

"Fortunato amekuja kwa ajili ya sikukuu. Yuko kwa dada yake."

"Afadhali nipige na ukuta."

"Ukuta haujui nyimbo. Yeye anazijua. Unataka fimbo au hutaki?"

Fortunato alifika uani asubuhi iliyofuata, amenenepa, amevaa viatu vinavyong'aa, na mkononi ana filimbi yake ya hotelini, mafungu mawili yakiwa yamefungwa pamoja.

"Ndugu Calixto. Nimesikia unanihitaji."

"Nahitaji arka. Wewe umekuja nayo tu."

Calixto akaichukua filimbi ile, akachomoa kisu, akakata uzi. Fungu la arka akamrudishia. La ira akalitupa kwenye rundo la mavi makavu ya lama tunayowashia moto.

"Hilo lilikuwa zuri," alisema Fortunato kwa upole.

"Litawaka vizuri pia."

Wakaanza. Fortunato hakuwa amesahau chochote, na hilo lilimkera Calixto kuliko kama angesahau. Tatizo lilikuwa dogo. Kila Calixto alipopuliza sauti yake, midomo ya Fortunato ilisogea pembeni, kwenye hewa tupu, ikilitafuta fungu ambalo halikuwepo.

"Unambusu nani hapo?" Calixto akamuuliza.

"Mazoea."

"Mwambie aende zake. Sauti hiyo ina mwenyewe."

Kufikia jioni midomo ile ilitulia. Basilia, aliyekuwa akipepeta nafaka ya kinoa mlangoni, aliacha ungo, akasikiliza, kisha akaendelea na kazi yake. Calixto alimwona. Akasema wimbo haukuwa mbaya, kwa kuzingatia mtu anayepiga naye.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali na upepo wa ziwani baridi, kama kawaida. Pombe ya mahindi ilimiminwa kwanza chini kwa ajili ya Mama Ardhi, kisha kooni, na makundi mawili yakakutana katikati ya uwanja. Calixto aliingia na wimbo wa zamani, ule walioupiga tangu wavulana. Arka ikajibu. Kundi zima likajipanga nyuma yao, ngoma zikashika, na watu wa Chini wakaanza kukunja nyuso, wakisogeza masikio karibu na filimbi zao ili wasizolewe.

Walikuwa wanashinda. Kila mtu aliyekuwa uwanjani alilisikia hilo. Hapo mwanamke mmoja, muuza supu, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kushindana na ngoma:

"Sikia Yujra alivyorudi na pumzi. Anamburuta mzee Calixto kama kondoo."

Mwenzake akacheka. Calixto akalisikia neno lile, na kile kicheko pia.

Kiongozi ana haki ya kubadili wimbo katikati. Hupuliza sauti za kwanza za wimbo mpya, na kundi humfuata. Upo wimbo tulioutunga mwaka ule mvua ya mawe ilipoyapiga mashamba yote, na Fortunato wakati huo alikuwa hotelini. Kila mtu katika kundi aliujua, isipokuwa mmoja. Calixto hakufikiri mara mbili. Alitaka watu wauone uso wa mtu yule akisimama na matete mdomoni bila la kusema, hapo hapo, mbele ya muuza supu. Akapuliza sauti za kwanza za wimbo wa mvua ya mawe.

Fortunato akamtazama. Akaishusha filimbi.

Hilo ndilo Calixto alilolitaka, na alilipata lote. Alipuliza, akasubiri jibu, pakaja tundu. Akapuliza tena. Wapigaji wa nyuma walijibu, lakini walikuwa mbali, na watu wa Chini walikuwa puani pake wakimwaga wimbo wao ndani ya kila tundu. Bila kujua anafanya nini, akajaribu kulijaza tundu kwa pumzi yake mwenyewe. Midomo yake ikasogea pembeni, kwenye hewa tupu. Kichwa kikamzunguka. Aliposhika tena matete yake, alikuwa anapiga wimbo wa Kijiji cha Chini.

Kundi lote likamfuata. Ndiyo kazi ya kundi.

Kicheko kilichopanda uwanjani kilisikika hadi kwenye mashua za matete ziwani. Na kwa kuwa desturi yetu haiulizi nani kati ya wawili ameharibu, walichekwa wote kwa jina moja.

"Chambi-Yujra wamehamia Chini," alisema muuza supu. "Watafutieni nyumba."

Wazee wakaichukua fimbo. Wakatazama huku na huku, wakampa Nicanor, kwa sababu alikuwa ameketi na hakuwa amekosea sauti hata moja. Nicanor alijaribu kushukuru, ikatoka damu kidogo na neno ambalo hakuna aliyelielewa.

"Kiongozi asiye na mdomo," alisema Calixto. "Mmepata mnachostahili."

"Sawa na sisi tulivyopata tulichostahili," alisema Fortunato.

Lakini wimbo wa mvua ya mawe ukikatika hauachwi hivyo. Walioukata lazima waumalize wao wenyewe kabla jua halijatua, la sivyo mawe hurudi kuutafuta mashambani. Basi wawili wale wakapelekwa nyuma ya kanisa, mbali na wachekaji, wakaketi juu ya jiwe moja kwa kuwa hapakuwa na la pili.

"Ulijua siujui," alisema Fortunato.

"Nilijua."

"Ukaitupa fimbo ili unione nimenyamaza."

"Nilikuwa na hamu ya kusikia ukinyamaza tangu lile dirisha la hoteli."

"Kumbe ulikuwa wewe kweli?" Fortunato akamgeukia. "Nilikuona. Nilidhani utaingia."

Calixto akainua matete. Alipuliza sauti ya kwanza, akasubiri, kisha kwa sauti kavu akamwambia jibu lake liko kwenye tete la tatu, si la nne, na kwamba hata mtoto angelipata. Fortunato akalipata. Wakaenda hivyo, sauti kwa sauti, matusi madogo yakijaza mahali pa ngoma, mpaka wimbo ukasimama mzima. Kivuli cha mnara kilikuwa kimefika ukutani walipoupiga mara ya mwisho bila kukatika.

"Umechelewa mahali pawili," alisema Calixto, akifuta matete kwa kitambaa.

"Wewe umewahi kila mahali. Mwaka kesho Nicanor atakuwa amepona, utarudi kwake."

Calixto akalifunga fungu lake kwenye nguo ya sufu. Akatema jani la koka lililokuwa shavuni.

"Nicanor ni kiongozi sasa," alisema. "Atapiga ira, mimi nimebaki bila arka. Wewe njoo mapema, mashavu yako yanahitaji kazi. Na viatu hivyo viache huko huko."