Zambarau na Machungwa Kwenye Harusi Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Foremani wa kiwanda cha uchapishaji hapa Nakuru alinipa kisu kipana kisicho na makali, akanionyesha kioo kilicholazwa mezani na mikebe ya wino. "Changanya kijani," akasema. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Bondeni, na nilikuwa nimevaa blausi nyeupe ya kanisani. Kufikia saa ya chai kijani kilikuwa kimepatikana, ila kingi kilikuwa kwenye blausi. Foremani alicheka mpaka akashika meza. "Sasa wewe ni mfanyakazi," akaniambia.

Enzi hizo tulilinganisha rangi kwa macho. Mteja akileta kipande cha kitambaa, tulikitoa nje kwenye jua, kwa sababu taa za ndani zilitudanganya. Baadaye nilihamishiwa tawi la Naivasha kuchapa maboksi ya maua, chini ya Msimamizi mmoja mkali aliyezoea kuuliza, "Hii nyekundu imeamka ama bado imelala?" Niliporudi Nakuru nilikuta kompyuta kila mahali. Nikaketishwa kwenye dawati la usanifu, yaani kupanga maandishi, picha na rangi kabla mashine haijaanza kazi.

Hapo ndipo Meneja aliponionyesha gurudumu la rangi kwenye mtandao. Ni duara lenye rangi zote, kama upinde wa mvua uliounganishwa ncha zake. Unakivuta kidoti kilicho juu yake kwa kipanya, na tovuti inakuonyesha rangi zinazopatana na ile uliyochagua. Zinazokaa pamoja, kama bluu na kijani, ni rangi jirani, na zinatuliza. Zinazotazamana huchangamshana, lakini ukizipa nafasi sawa zinagombana. Halafu kuna utatu: rangi tatu zilizoachana kwa umbali mmoja. Nilicheza na kile kidoti hadi Meneja akaniuliza kama nimeajiriwa au nimekuja kutembea.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya harusi. Mama Njeri, mkulima wa upande wa Longonot, alikuwa anamwoza binti yake. Mzee Wafula, mjane aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa baba ya kijana. Walikuja pamoja kuchagua rangi za kadi, na hizo ndizo zingekuwa rangi za nguo, keki na mapambo. Mama Njeri alitaka zambarau. Mzee alitaka rangi ya machungwa. Kamati ya harusi ilikuwa imeshakutana na kuachana bila kuelewana.

"Akina mama wa kwetu wameshanunua vitambaa," alisema Mama Njeri.

"Basi washone," Mzee akajibu polepole. "Mimi nitabaki nyumbani."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikaacha kompyuta, nikamgeukia. "Mzee, kwani hii rangi ya machungwa ina nini?"

"Mama ya huyu kijana alikuwa na kitambaa cha kichwa cha hiyo rangi. Akiimba kwaya, nilikuwa namwona kutoka mlangoni mwa kanisa. Sasa hayuko. Nilitaka tu akuwe hapo kidogo."

Mama Njeri akaweka kibeti chake chini. "Si ungesema, mzee wangu?"

"Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnapiga kura."

Tukacheka wote watatu, naye Mama Njeri akicheka huku anajipangusa macho. Nikakivuta kidoti hadi kwenye zambarau, nikachagua utatu. Machungwa ikajitokeza yenyewe, na ya tatu ikawa kijani. Nikaififisha machungwa hadi ikafanana na papai, nikidhani nimeleta amani. Mzee akatikisa kichwa.

"Hiyo imechoka. Haiwezi onekana kutoka mlangoni."

Alisema kweli. Nikairudishia moto wake wote, ila nikaipa nafasi ndogo. Kijani nikakituliza kama majani ya viazi. Mama Njeri akaomba kipanya, akaivuta zambarau mwenyewe hadi ikawa nzito, karibu nyeusi. Ile machungwa ikawaka katikati.

"Hapo," akasema. "Ya kwetu ikinyamaza hivi, mama ya kijana ataonekana."

Nilialikwa. Kanisa zima lilikuwa zambarau nzito, na kijani kimezunguka nguzo. Bibi harusi alishika maua meupe, mashina yake yamefungwa kwa kile kitambaa chenyewe cha marehemu mama ya kijana. Mzee Wafula alisimama mlangoni akitafuta kwa macho. Alipokiona alicheka kwa sauti, watu wakageuka, na Mama Njeri akamshika mkono wakaingia wakicheza.

Sasa nimestaafu. Wasanifu vijana hunitumia kazi zao kwa simu nizitazame. Nawaambia walitumie gurudumu, maana linafundisha haraka kuliko sisi tulivyofundishwa. Lakini halijui nani anaolewa wala nani anakumbukwa. Hayo mtu huuliza.

Mwaka huu niligundua kwamba baada ya kuwachagulia watu rangi maisha yangu yote, geti langu mwenyewe ni la kijivu. Nikanunua rangi ya waridi kali na bluu ya anga, bila kufungua tovuti yoyote. Nilipokuwa napaka, jirani kijana akasimama barabarani, akanisalimu kwa Sheng.

"Mathe, niaje! Sasa hiyo ni rangi gani?"

"Ni yangu," nikamwambia, nikachovya brashi tena.