Mpiga Pasi na Machozi Yaliyosomwa Vibaya

Saa moja asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Mama wa makamo anatandaza shuka mezani, anainyunyizia maji, anapitisha pasi bila haraka. Wenzake wanamwita Staa.

“Wananitania tu,” anasema. “Staa gani anapiga pasi foronya?”

Jina hilo limetokana na picha iliyopigwa humu humu miaka sita iliyopita. Pichani amekaa sakafuni, ameegemea kikapu cha nguo chafu, macho ameyafumba, machozi yanamtiririka. Fundi aliyekuja kutengeneza mashine aliipiga bila yeye kujua, akaiweka mtandaoni. Ikasambaa simu kwa simu. Kila aliyechoshwa na maisha akaituma kwa wenzake.

Kisha mwandishi mmoja akaiingiza kwenye riwaya yake kuhusu maisha ya mtandaoni. Humo, mwanamke wa pichani amepewa maisha ya kubuni na kufanywa ishara ya upweke: anatazamwa na mamilioni, wala hana wa kumjulia hali.

Aliyeumia zaidi ni mdogo wa mpiga pasi. “Siku ile nilikuwa nimetoka kupasuliwa,” anasimulia. “Mume wangu alimpigia dada kumwambia nimeamka salama. Yale yalikuwa machozi ya furaha.”

Dada mtu alinyamaza miaka yote. “Ningemweleza nani? Watu walishaamua.”

Mwaka huu mwandishi alipokuja maktaba kuzungumza na wasomaji, mdogo mtu alimshika dada yake mkono wakaenda. Msomaji mmoja akauliza maana ya picha ile. Mpiga pasi akasimama.

“Samahani mwanangu,” alimwambia mwandishi. “Huyo ni mimi. Sikuwa mpweke. Mdogo wangu alikuwa amepona, huyu hapa.”

Mwandishi akashuka jukwaani.

“Shikamoo mama. Nilipaswa kukutafuta kabla sijaandika.”

“Marahaba. Umeshanipata.”

Mwandishi alimuuliza kama aiondoe picha. Mama akakataa, akaomba tu ukweli wake uwekwe mwanzoni mwa toleo lijalo. Mwandishi akaahidi.

Siku hizi, wakati wa mapumziko, mpiga pasi anaisoma riwaya yenyewe polepole, miwani puani. Amefika katikati, na amepania kuimaliza.

“Yule mwanamke wa kitabuni ananitia huruma,” anasema. “Nataka nijue kama atapata mtu wa kukaa naye.”