Nilivyoamini mahindi ya njano yameniota kifuani

Wakuu, habari za mihangaiko.

Leo natoa langu la siku nyingi. Ni kweli tupu, ukiacha chumvi kidogo ambayo mkono wangu hauwezi kuizuia. Mtanisamehe, miaka ninayoizungumzia chumvi yenyewe tuliiona kwa nadra, labda ndiyo maana naitia sasa.

Kwa vijana ambao hamkuwepo: ni miaka ya themanini, hapa Babati. Sukari hakuna, sabuni hakuna, njiti ya kiberiti tunaipasua katikati ziwe mbili. Mvua zikagoma, mahindi yetu yakakaukia shambani, tukala unga wa msaada. Ule wa njano.

Basi ikavuma mjini kwamba unga ule haujafa. Kwamba ukiula ukatulia mwilini, halafu ukapata joto, unaota. Unaotea wapi? Kifuani. Kuna mtu wa Bonga, walisema, alikohoa jani.

Na mimi niliamini. Sio kuamini nusunusu, wakuu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza.

Msidhani nilikuwa mjinga wa kutupwa. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, cheti kiko ukutani, mzunguko wa damu ninaujua kwa kichwa. Na elimu ndiyo iliyoniponza. Mbegu inahitaji nini ili iote? Maji, hewa, joto. Kifuani kuna nini? Maji, hewa, joto. Nani angenibishia?

Sasa sikilizeni kazi yangu.

Nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika, Bagara. Kuuza duka ambalo halina kitu ni kazi ya kutukanwa kuanzia asubuhi. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, wakichoka wanaacha mawe na vikapu viwashikie nafasi. Gunia la sukari likifika linaisha kabla foleni haijasogea, na wa nyuma wote wanajua, sio wanadhani, WANAJUA kwamba nimeficha jingine.

Akina mama ninaowaamkia kanisani Jumapili wakaitikia vizuri, Jumatatu nikiwaamkia dukani wananitazama tu.

Halafu ukaanza msako wa walanguzi. Ukikutwa na mche wa sabuni usioelezeka unaondoka na gari lao, na sisi wauzaji ndio tulioangaliwa wa kwanza.

Sikuwa nimeficha hata punje. Lakini gari lolote likisimama nje, mimi tayari nimeshafungwa, nimeshahukumiwa, na mke wangu ameshaolewa na mwingine. Na magari yenyewe yalikuwa machache kwa kukosa petroli, kwa hiyo moja lilinitosha kuogopa wiki nzima.

Nilikuwa na mwenzangu, Bura, muuzaji wa duka la Mutuka. Mtu mpole, mkimya. Tukikutana, salamu yetu ilikuwa hii:

"Wamekuja kwako?"

"Bado. Kwako?"

"Bado."

Kisha kila mmoja anakwenda zake amechoka kuliko alivyokuja.

Hapo ndipo mwili ulipoanza mambo yake. Moyo unakwenda mbio nimekaa. Mikono inatetemeka hadi mizani haitulii, wateja wanasema nawapunja. Chakula hakipiti. Usingizi ukahama kabisa. Nikakonda, suruali nikaifunga kwa kamba ya katani. Na hapa kifuani, kushoto, kitu kinachoma. Kama ncha ya chipukizi.

Nikamwendea jirani yangu Hhando, fundi baiskeli, ambaye wakati huo hakuwa na tairi wala spoku ya kufanyia kazi, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutibu watu. Akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza muda mrefu kama anatafuta pancha.

"Limeota," akasema.

Nikamuuliza nifanye nini.

"Usilime. Usikimbie. Usipande mlima. Ukitokwa jasho, msomi wangu, umelimwagilia."

Wakuu, hoja ile ilinikaa sawasawa na cheti changu. Nikaacha kulima. Nikaacha hata kwenda dukani kwa mguu wa haraka, nikawa natembea kama bibi harusi. Mchana kutwa nimekaa juu ya gunia tupu, nasikiliza moyo, naogopa magari. Nyumbani nakaa kivulini.

Mke wangu, Mama Paskalina, alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili, na jembe likabaki lake peke yake. Hakunigombeza. Siku moja tu alisimama katikati ya tuta, akaniita.

"Baba Paskalina. Ukifa, huyu nitamwambia babake alikufa na nini?"

Nikamwonyesha mahali pa kunizika, mbali na shamba, nisije nikachipua juu ya maharage.

Msicheke. Nilikuwa naaga kwelikweli. Kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozidi kuumwa, na kadiri nilivyoumwa ndivyo nilivyozidi kukaa.

Ikaja amri: watumishi wote wa maduka, mafunzo ya mgambo, kila alfajiri, kiwanjani. Kukataa huwezi. Muuza duka anayekataa mgambo wakati wa msako amejiandikia hukumu mwenyewe.

Nikamfuata afande pembeni, nikamweleza kwa adabu kwamba mimi nikikimbia nitakufa.

Akanitazama juu hadi chini, akafika kwenye kamba ya katani.

"Basi kafie mbele," akasema. "Huku nyuma utawazibia wenzako njia."

Tukaanza mchakamchaka. Kutoka kiwanjani, tukaifuata barabara ya Dodoma kuelekea Bonga, wenzangu wanaimba, mimi nasali rozari. Moyo ulipiga hadi nikahisi watu wa Mutuka wanausikia. Jasho likanitoka kila mahali, nikajua sasa linamwagiliwa, sasa linatoa majani, sasa linabeba.

Tuliporudi nikaanguka kwenye nyasi. Nikatema mate, nikayachunguza. Yalikuwa meupe.

Nikangoja kufa. Badala yake nikasikia njaa.

Nilikula ugali wa njano uleule hadi Mama Paskalina akaacha kula akanitazama. Kisha nikalala. Nililala kama gunia limeshushwa kwenye lori. Nilipoamka nilishtuka, nikamwita mke wangu kumuuliza kama bado ni mimi.

Nikaendelea na mgambo. Kila nikikimbia, kifua chepesi. Mikono ikatulia, mizani ikatulia, kelele za foleni nikawa nazisikia kama mvua ya kwa jirani. Nikarudi kwenye jembe, Mama Paskalina akapumzisha mgongo.

Hhando alikuja kuniangalia, akabadilisha nadharia bila hata kukohoa: kumbe mbio zimeling'oa na mizizi. Nami nikawa natangaza foleni nzima kwamba mchakamchaka unapalilia kifua. Nilikuwa daktari, wakuu. Nilibakiza koti tu.

Mafunzo yakaisha. Nikarudi kukaa juu ya gunia. Na moyo nao ukarudi kwenye kazi yake ya zamani, kila gari likisimama.

Ndipo ikaja habari ya Bura.

Alianguka dukani kwake, Mutuka. Nilipofika kumwona, mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, anataka kuniambia kitu hakitoki. Watu uani wanasema ni unga, mahindi yamefika kichwani. Na mimi nikatikisa kichwa kwa utaalamu, nikamuuliza mkewe amekula unga wa njano kiasi gani.

Yule mama akaniangalia kwa macho makavu.

"Unga gani, shemeji? Huyu hajawahi kuuonja. Humu ndani tunakula mtama unaotoka kwa kaka yangu."

Nikakaa chini palepale. Maana kama Bura hakuula, basi kilichomwangusha Bura ni kitu kingine. Na kitu hicho mimi ninacho, hapa, kushoto.

Kumbe alichokuwa anahangaika kuniambia ni ile salamu yetu. Nilimwona midomo inaitafuta. Wamekuja kwako?

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi zahanati.

Bura aliishi, lakini mkono ule haukurudi tena, na msako wenyewe haukuwahi kuingia dukani kwake. Wala kwangu. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo, na nimezeeka: kitu ambacho hakikuja ndicho kilichomwangusha.

Leo mnaita stress, mnaiandika kwenye status na vikatuni vya kulia. Sisi hatukuwa na jina lake. Ukiwa nayo, usiinyamazie kama Bura, na usijitibu kwa Hhando. Nenda ukapimwe presha kwanza. Ukishaambiwa uko sawa kukimbia, kimbia. Kama huwezi kukimbia, tembea, lima, cheza mpira na wanao. Mimi natembea hadi Bonga na kurudi, wajukuu wananiita afande.

Wenye yenu ya miaka ile mwageni hapa chini, hasa wa Bonga. Nataka kumjua yule aliyekohoa jani.

Sasa ya zahanati. Nesi alinifunga ule mpira wa presha mkononi, akapuliza, akausoma, akapuliza tena. Nikamweleza yote kwa mpangilio: mbegu, maji, hewa, joto, na jinsi mbio zilivyoling'oa. Nilimaliza na cheti.

Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, naogopa nini. Nikamwambia magari.

Akaufungua ule mpira polepole, akaukunja.

"Baba Paskalina," akasema, "unga uliosagwa na kupikwa hauoti. Una hofu, na hofu imekupandisha presha. Ulipona kwa sababu ulikuwa unakimbia. Anza tena kesho."