Uji Usio na Hamira

Pale maabara walimwita Mpishi, maana ndiye aliyewapikia nzi. Kila asubuhi alikoroga unga wa mahindi, sukari na hamira, akamimina uji kwenye chupa, nzi wa matunda wakapata kula na pa kutagia. Jina halikumkera. Kilichomkera ni kiti cha hadubini. Alikikalia miaka na miaka, mpaka akaja mdogo wake, ambaye ni yeye mwenyewe aliyemwombea kazi, na Profesa akaamua kwamba binti ana mkono mtulivu zaidi. Mpishi alimpongeza mbele za watu huku moyo ukimuungua.

Sasa binti alipewa jaribio kubwa: kupiga picha seli mama za ubongo wa buu zikigawanyika kwa mara ya kwanza tangu buu aanguliwe. Seli hizo hazigawanyiki sawa kwa sawa. Kipande kikubwa hubaki mama na kuzaa tena, kidogo kinakwenda zake kuwa neva. Lakini buu akianguliwa, mama hao huwa wamelala fofofo, na hawaamki mpaka ale ashibe. Sukari peke yake haiwaamshi. Hamira ndiyo yenye kazi hiyo. Picha zikipatikana, kiti kingekuwa cha binti moja kwa moja.

Mpishi akapika uji wa mabuu ya mdogo wake bila hamira. Kijicho kilimzidi nguvu, tusidanganyane.

Siku ya picha, binti aliinamia lenzi tangu asubuhi. Hakuna seli iliyogawanyika. Mpishi alipitapita na chupa zake akichungulia, na kila akipita roho ilimtulia kidogo. Jioni Profesa alikuja, akatazama, akauliza kama chakula kilikuwa na kasoro.

"Haiwezekani, amepika dada," binti alijibu bila hata kugeuka. "Kosa ni langu, Profesa. Nadhani nimeziunguza kwa mwanga. Mrudishie yeye kiti."

Binti akainuka. Profesa akamwashiria Mpishi akae, naye akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la mdogo wake. Akaweka jicho kwenye lenzi, akaziona seli zimelala vilevile alivyozilaza, na hata hapo wivu haukumwacha. Alimwonea wivu mdogo wake kwa kuwa na dada wa kumwamini.